Taya Likinyooshwa, Kusema Kunarudi Polepole



Katika ukurasa huu tunasema mara nyingi juu ya macho, mikono na miguu, maana ndiyo viungo vinavyoumia kazini kila mara. Leo tusome pamoja habari ya taya, na habari ya kusema baada ya mganga kulikata taya na kulinyoosha.

Mtu aliyepasuliwa taya anarudi nyumbani uso umevimba. Mdomo haufunguki vizuri, na maneno yake yanatoka kama ya mtu mwenye kokoto kinywani. Jirani mmoja anacheka. Mwingine anasema: «Huyu amekunywa.» Mtoto mdogo anamwogopa baba yake. Bibi yake anajiuliza usiku: sauti ya bwana wangu itarudi? Na shefu wake wa kazi anauliza neno jingine: mtu huyu anaweza kushika telefoni ya mgodini?

Maswali hayo mawili yanastahili jibu. La kwanza: ndiyo, kwa watu wengi kusema kunarudi, lakini kwa hatua, wiki kwa wiki, na jamaa inaweza kusaidia au kuharibu. La pili: mtu asitoe amri kwa mdomo mahali pa hatari mpaka maneno yake yasikike wazi na mganga akubali. Neno moja lililosikiwa vibaya mgodini linaweza kuua mtu mwenye afya njema.

KWA NINI TAYA LINAKATWA

Kuna sababu tatu zinazoonekana mara nyingi.

Ya kwanza ni kukua vibaya. Watu wengine taya lao la chini ni refu kupita la juu. Meno ya chini yanapita mbele ya yale ya juu. Wengine taya la chini ni fupi na kidevu kimerudi nyuma. Tena wako wale ambao wakifunga kinywa, meno ya nyuma yanagusana, lakini ya mbele yanabaki wazi hata ulimi unapita katikati. Watu hao wanapata taabu ya kuuma mkate na kutafuna nyama. Wengine wanakoroma sana na kukosa pumzi usingizini.

Ya pili ni ajali ya utoto. Mtoto anaanguka kidevu juu ya sementi. Kiungo cha taya kilicho karibu na sikio kinavunjika, na hakuna anayejua, maana damu ni kidogo. Ugonjwa wa usaha wa sikio usiotunzwa unaweza kuharibu kiungo hicho vilevile. Kisha kiungo kinashikana, mdomo unakataa kufunguka, na taya linaacha kukua. Mama, mtoto akianguka kidevu, na kesho yake hawezi kufungua kinywa au analia akitafuna, umpeleke hospitalini. Usingoje.

Ya tatu ni kuvunjika. Taya linavunjika kwa jiwe linaloanguka, kwa chombo kinachoruka, kwa pikipiki barabarani. Likiungana vibaya, meno hayakutani tena. Hapo mganga anaweza kulikata upya kwa mpango na kulirudisha pahali pake.

Kazi hiyo haifanywi katika dispanseri. Inataka mganga aliyesomea upasuaji wa kinywa na uso, mganga wa meno wa kusaidiana naye, na dawa ya usingizi mzito. Mara nyingi meno yanafungwa kwanza nyuzi za kuyanyoosha kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi mbele ya kupasuliwa.

WAGANGA WALITOKA MBALI

Mwaka 1849, katika mji wa Wheeling huko Marekani, mganga Simon Hullihen alikata taya la chini la msichana aliyekuwa ameungua moto utotoni. Kovu la moto lilikuwa limelivuta taya lake likaharibika umbo. Habari hiyo ndiyo inayotajwa na waganga kama mwanzo wa kazi hii.

Mwaka 1901, katika mji wa Lille, Ufaransa, mganga René Le Fort alionyesha ni katika mistari gani taya la juu linavunjika likipigwa. Mistari hiyo inaitwa kwa jina lake hata leo, na mganga anayesogeza taya la juu anafuata mmoja wa mistari hiyo kwa kulikata. Katika miaka ya 1950, mganga Hugo Obwegeser, aliyefanya kazi Zürich, Uswisi, alieneza njia ya kulipasua taya la chini kutoka ndani ya kinywa, bila kuacha kovu usoni.

Zamani, baada ya kukata mfupa, mganga alifunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa nyuzi za chuma, karibu wiki 6. Mgonjwa alikunywa chakula kupitia nafasi za meno, na kusema kwake kulikuwa kunung'unika tu. Katika miaka ya 1970 mganga Maxime Champy na wenzake wa Strasbourg walisaidia kueneza vibamba vidogo vya chuma vinavyokazwa na visi juu ya mfupa wenyewe. Siku hizi vibamba hivyo vinatengenezwa kwa titani. Mfupa unashikwa kutoka ndani, na mara nyingi meno yanaongozwa na mipira midogo tu. Kwa hiyo mgonjwa wa leo anaweza kuanza kusema mapema kuliko mgonjwa wa zamani. Lakini pahali vibamba vinapokosekana, na kwa mivunjiko mingine, nyuzi za chuma zinatumika hata sasa.

NAMNA NENO LINAVYOTENGENEZWA

Ninyi mnaojua mashini mtaelewa upesi. Mapafu yanasukuma hewa, kama kompresa. Kooni hewa inatikisa nyama mbili nyembamba, na sauti inatoka. Lakini sauti hiyo bado si neno. Ndani ya kinywa kuna milango inayofunga na kufungua njia ya hewa, na kila mlango unatoa herufi zake.

Chukua kioo na ujitazame:

— Midomo miwili ikifungana unapata p, b na m: papa, baba, mama.

— Mdomo wa chini ukigusa meno ya juu unapata f na v: fimbo, vuta.

— Ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya juu unapata t, d, n na l: tata, dada, nane, lala.

— Ulimi ukiacha mfereji mwembamba wa hewa karibu na meno unapata s na z: sisi, zima. Ukirudi nyuma kidogo unapata sh: shimo.

— Mgongo wa ulimi ukigusa juu, nyuma ya kinywa, unapata k na g: kaka, gogo.

— Kwa a taya linashuka sana. Kwa i na u linashuka kidogo tu.

Sasa mmefahamu shida. Mganga akisogeza taya milimita 5 au 8, meno yamehama, na paa la kinywa limehama pia pengine. Ulimi ni ule ule, na umezoea nyumba ya zamani. Unakwenda pahali mlango ulipokuwa, na mlango haupo tena. Lazima ujifunze njia mpya.

Hata watu waliotaka kupasuliwa kwa sababu ya kusema vibaya wajue jambo hili. Aliyekuwa na taya refu la chini alizoea pengine kutoa f kwa meno ya chini na mdomo wa juu, kinyume cha watu wengine. Aliyekuwa na nafasi wazi mbele alizoea kupitisha ulimi katikati ya meno akisema s. Baada ya kupasuliwa, kwa wengine kusema kunakuwa kuzuri zaidi kuliko zamani. Lakini desturi ya ulimi haiondolewi na kisu. Wengine wanahitaji mazoezi.

WIKI KWA WIKI

Kila mgonjwa ana mwendo wake, na amri ya mganga wake ndiyo ya kufuata. Lakini njia ya kawaida ni hii.

Siku 3 za kwanza. Uvimbe unapanda mpaka siku ya pili au ya tatu. Koo linauma na sauti inakwaruza, sababu bomba la kupumua lilipitishwa puani mpaka kooni wakati wa usingizi. Mgonjwa asilazimishwe kusema. Apewe kitabu na kalamu, au aandike katika telefoni.

Mpaka mwisho wa wiki ya 2. Uvimbe mkubwa unaanza kushuka. Midomo ni mizito, mate yanatoka bila mtu kusikia. P, b na m zinatoka dhaifu, kwa kuwa midomo haikutani vizuri. Ikiwa mganga ameweka kipande cha plastiki ngumu kati ya meno, s, z na sh zinachafuka sana. Hiyo ni kazi ya plastiki. Ikiondolewa, herufi zinapata nafuu.

Wiki ya 3 mpaka ya 6. Jamaa wanaanza kumwelewa bila kurudia. Lakini mipira inazuia taya kushuka, na maneno yenye a nyingi yanabanwa. Mgonjwa anachoka kusema: asubuhi anasikika vizuri, jioni maneno yanavurugika. Si ugonjwa mpya. Misuli imechoka kama mguu uliotoka katika plasta.

Mwezi wa 2 na wa 3. Mfupa umeshikana vya kutosha kwa watu wengi, mipira inapunguzwa, na mdomo unafunguka zaidi. Wengi wanasema karibu kama watu wengine. S inaweza kubaki na mluzi kidogo.

Kutoka mwezi wa 6 mpaka mwaka. Uvimbe wa mwisho unaisha na ulimi umekwisha kuzoea. Kinachoweza kubaki ni ganzi. Mshipa wa kusikia wa mdomo wa chini na kidevu unapita ndani ya mfupa wa taya la chini, pale pale mganga anapokata. Kwa watu wengi kusikia kunarudi katika wiki au miezi. Kwa wengine sehemu ndogo inabaki na ganzi hata baada ya mwaka. Watu hao wanajifunza kusema vizuri ingawa mdomo hausikii sawasawa.

SAUTI INAYOPITA PUANI

Taya la juu likivutwa mbele, paa laini la kinywa linavutwa pamoja nalo. Paa hilo ndilo linalofunga njia ya pua tunaposema. Lisipofunga vizuri, hewa inatoroka puani, na «baba» inasikika karibu na «mama».

Jamaa wanaweza kupima kwa kioo kidogo kilicho baridi. Kishikwe chini ya pua. Mgonjwa aseme: baba, papa, kaka, dada, sasa. Kioo kisipate ukungu. Kisha aseme: mama, nani, nyanya. Hapo ukungu ni halali, maana herufi hizo zinapita puani kwa watu wote. Mgonjwa asivute pumzi wakati wa kupima, kwa sababu pumzi peke yake inatia ukungu.

Katika wiki za kwanza uvimbe unaweza kuchanganya jambo hili, basi msiogope upesi. Lakini ukungu ukibaki kwa maneno ya kwanza baada ya miezi kadhaa, au maji na uji yakitoka puani, mrudi kwa mganga. Waliozaliwa na mdomo wa juu au paa la kinywa lililopasuka wana hatari zaidi ya shida hiyo. Wao sharti mganga apime kusema kwao mbele ya kupasuliwa na nyuma ya kupasuliwa.

NYUMBANI

Sikilizeni mazungumzo ya mwuguzi na mama mmoja siku ya kutoka hospitalini:

— Mama, utamsaidia namna gani bwana akikosa kusikika?

— Nitamwambia aseme kwa nguvu zaidi.

— Hapana, mama. Akipiga kelele anavuta taya na kuchoka bure. Mwambie aseme polepole, neno kwa neno. Tena uzime radio, umtazame usoni, na umwache amalize mwenyewe.

— Na watoto wakicheka?

— Uwaambie kwamba baba ana kidonda ndani ya kinywa, na kwamba kila siku kitapungua. Mtoto akijua sababu, hacheki tena. Wape kazi: kila jioni wamsomee baba ukurasa mmoja, naye akiruhusiwa awasomee mistari mitatu.

— Na mimi nisipoelewa neno?

— Usijifanye umeelewa. Umwambie ulichosikia, umwulize: «Umesema hivi?» Akitikisa kichwa, aandike.

Mwuguzi huyo amesema kweli. Tuongeze maneno mengine.

Chakula ni cha kunywa kwanza: uji mwepesi wenye maziwa, supu iliyochujwa, karanga zilizosagwa vizuri ndani ya uji, mayai yaliyokorogwa ndani ya supu. Kisha mganga ataruhusu vyakula laini. Bukari na nyama ngumu vinangoja ruhusa yake. Mtu anapungua kilo katika wiki hizo, na mwenye njaa hana nguvu ya kusema. Mpeni kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kinywa kisafishwe baada ya kila mlo.

Pombe na tumbako ziachwe. Tumbako inachelewesha mfupa kupona. Pombe inaleta kutapika, na kutapika kwa mtu aliyefungwa meno ni hatari.

Yule aliyefungwa nyuzi za chuma awe na mkasi wa kukata chuma karibu naye usiku na mchana, mfukoni au shingoni. Mwuguzi amwonyeshe yeye na bibi yake nyuzi zipi zikatwe. Akitapika, ainame mbele na aache maji yatoke kati ya meno na mashavu. Akikosa pumzi, zikatwe palepale, kisha aende hospitalini mara moja. Kufunga tena nyuzi ni kazi ndogo. Kumrudishia mtu pumzi saa imepita hakuwezekani.

KAZINI: FUNGA AU FUNGUA?

Fanyeni jaribio hili jioni ya leo. Umana meno ya juu na ya chini, usiyaachanishe. Mwenzako akupe mgongo, asikuone midomo, na radio ilie. Sema «funga» na «fungua» mara 10, ukibadilisha bila mpango. Mwenzako aandike alichosikia kila mara. Mtaona ni mara ngapi atakosa.

Mmefahamu kwa nini? Maneno haya mawili yanaachana mwishoni tu, pale kinywa kinapotoka katika u kwenda katika a. Taya lisiposhuka, tofauti inapotea. Wale wanaosema «fungula» wana bahati kidogo, kwa sababu l inasaidia sikio. Sasa fikirini kwamba neno hilo linahusu robine ya hewa yenye nguvu, au ya asidi. Na «zima» je? Midomo isipofungana kwa m, na ulimi ukikosa mfereji wa z, mwenzako anasikia sauti mbili tu, hajui ni amri gani.

Kwa sababu hiyo tunaomba mashefu na wafanyakazi wote washike kanuni hizi:

1. Mtu aliyepasuliwa taya arudi kazini kwa cheti cha mganga tu. Cheti kiseme ni kazi gani ameruhusiwa. Kazi ya ofisi inaweza kuanza mapema. Kazi nzito, na kazi yoyote inayoweza kumpiga usoni, inangoja mfupa ushikane.

2. Asiwekwe kwenye telefoni, radio ya mgodi, au pahali pa kuongoza mashini ya kupandisha kwa sauti, mpaka amejaribiwa pamoja na kelele ya mahali pale.

3. Amri irudiwe na aliyeipokea: «Umesema funga?» Asiyepata jibu wazi asiguse kitu. Desturi hii inafaa kwa watu wote, wenye taya zima pia.

4. Tumieni alama za kengele, taa na mkono zilizobandikwa pahali pa kazi. Msitunge alama zenu wawili, kwa maana mtu wa tatu hatazielewa.

5. Asishuke chini ya ardhi akiwa amefungwa meno. Sababu ni kifaa cha kujiokoa. Vingi vya vifaa hivyo vina kipande cha mpira kinachotiwa kinywani, kikashikwa kwa meno na kuzungukwa na midomo, huku pua imebanwa. Mwenye meno yaliyofungwa hawezi kukitia. Na mwenye ganzi ya midomo anaweza kuvuta moshi pembeni bila kusikia kwamba midomo imeachia. Ajaribu kifaa cha mafunzo mbele ya mtu wa usalama, juu ya ardhi, kwanza.

6. Kinyago cha vumbi kipimwe upya. Uso uliovimba, au uliobadilika umbo, haukai tena ndani ya kinyago cha zamani.

7. Mtu mwenye maneno mazito asihukumiwe kuwa mlevi kwa kusikia tu. Shefu akiwa na shaka, amtume kwa mwuguzi kwa heshima.

Kanuni hizi ni sawa kwa yule anayefanya kazi chini ya ardhi huko Kipushi na kwa yule wa machimbo ya wazi ya Kolwezi, kwa mwenye mashini ya kusaga mawe na kwa dereva wa lori kubwa.

MAZOEZI YA ULIMI NA MIDOMO

Mazoezi yanaanza mganga akikubali, si mbele. Pahali penye ortofonisti, yaani mwalimu wa kusema, mgonjwa afundishwe naye. Pasipo na mwalimu huyo, mganga au mwuguzi anaweza kuonyesha mazoezi mepesi. Yafanywe mbele ya kioo, dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku:

— Kunja midomo kama mtu anayetaka kupiga mluzi, kisha uitanue kama mtu anayecheka. Mara 10.

— Gusa kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kisha pembe moja ya mdomo, kisha ya pili. Mara 10.

— Sema polepole: papa, baba, mama. Kisha: tata, dada, nana. Kisha: fafa, vava. Kisha: sasa, zaza, shasha.

— Hesabu kutoka 1 mpaka 20. «Sita», «saba» na «ishirini» ni vipimo vizuri vya s na sh.

— Ukiruhusiwa kufungua kinywa, fungua mpaka pahali pa kuvuta bila maumivu makali, ngoja kidogo, funga. Watu wengi wazima wanaweza kuingiza vidole vyao vitatu vilivyosimamishwa kati ya meno ya mbele. Hiyo ndiyo shabaha ya miezi, haifikiwi kwa siku moja. Usitie kijiti wala kijiko kwa nguvu.

Kila Jumapili, jamaa wakamate sauti ya mgonjwa katika telefoni akihesabu mpaka 20. Akikata tamaa, asikilize ya wiki nne zilizopita. Mwuguzi pia atafurahi kuisikia.

RUDI HOSPITALINI UKIONA HAYA

Nenda mara moja, hata usiku, ikiwa pumzi inakuwa ngumu, au damu nyekundu inatoka puani au kinywani bila kukoma. Damu ya namna hiyo inaweza kutokea hata wiki moja au mbili baada ya kupasuliwa taya la juu. Usingoje pia ikiwa upande mmoja wa uso umelegea kwa ghafula.

Nenda siku ileile ikiwa kuna homa, usaha au harufu mbaya. Ikiwa uvimbe uliokuwa umeshuka unapanda tena. Ikiwa meno yaliyokutana jana hayakutani leo. Au ikiwa kusema kulikokuwa kunapona kunaharibika kwa ghafula. Badiliko la ghafula la kusema linaweza kuwa habari ya kwanza kwamba kibamba kimelegea au mfupa umehama.

TUJIULIZE

Swali: Baada ya siku 10 baba anasema s vibaya na mate yanamtoka. Je, upasuaji umeharibika?
Jibu: Hapana. Uvimbe, ganzi na plastiki ya meno vinaleta hali hiyo. Amwonyeshe mganga siku aliyopangiwa.

Swali: Mfanyakazi amerudi na cheti cha kazi ya ofisi. Mwenzake wa mgodini hayupo leo. Shefu amtume chini kwa saa moja tu?
Jibu: Hapana, hata kwa dakika 10. Hawezi kutia kifaa cha kujiokoa vizuri, wala amri yake haisikiki.

Swali: Umesikia amri kwa telefoni, na hujui kama ni «funga» au «fungua». Ufanye nini?
Jibu: Usiguse robine. Rudia ulichosikia, na ungoje jibu wazi au alama iliyokubaliwa.

Swali: Miezi minne imepita, na «baba» inasikika «mama». Tungoje?
Jibu: Hapana. Pimeni kwa kioo, kisha mwende kwa mganga na kumweleza mlichoona.

Ndugu wasomaji, kateni ukurasa huu na kuuweka nyumbani ikiwa kuna mgonjwa wa taya katika jamaa yenu au kwa jirani. Mumpe muda, chakula na sikio la kumsikiliza. Nanyi mlio kazini, zoezeni kurudia kila amri kuanzia kesho asubuhi.